Ishara, Kompyuta na Watu Wetu: Tuanze na Mtu, Kifaa Kifuate

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Mwanza mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili waliotutembelea. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tunajua wapo kati yenu waliovuka ziwa kutoka Ukerewe alfajiri, na wapo waliotoka Magu, Misungwi na Sengerema wakaacha shughuli zao za shamba na za mwaloni. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi ya utangulizi.

Katika mkutano wetu uliopita mjumbe mmoja alisimama akauliza, "Lile sanduku la kompyuta ya kuendeshwa kwa mikono limeishia wapi?" Tulimjibu kwa mkato kwamba suala hilo linashughulikiwa. Ndugu wajumbe, lile halikuwa jibu la kweli. Sanduku liko stoo, limefunikwa turubai, na halijatumika tangu majuma ya mwanzo. Leo tumekuja kulijibu swali la mjumbe yule kama linavyostahili. Tuna sababu nyingine pia: mfadhili mmoja ameonyesha nia ya kutununulia vifaa vipya vya aina hii kwa ajili ya vituo vyetu vya watoto na vijana wenye ulemavu. Kabla hatujaipokea ahadi hiyo, ni haki yake na ni haki yenu kujua tulijifunza nini kwa vile vya kwanza.

Vifaa hivi ni vitu gani?

Kwa miaka mingi kompyuta ilimtaka mtu awe na vidole vitulivu. Unabonyeza kibodi, unasogeza kipanya, unagonga. Asiyeweza kufanya hivyo alibaki nje ya mlango. Vifaa tunavyozungumzia leo vilikuja na wazo jingine: kwamba kompyuta imwangalie mtu na kumfuata anavyotikisa mkono, kichwa au mwili mzima, pasipo yeye kugusa kitu. Wazo lenyewe si geni kwetu. Konda wa daladala akiinua vidole viwili, dereva anaelewa. Mvuvi akipunga kofia kutoka kwenye mtumbwi, aliye ufukoni anajua kama arudi nyumbani au alete kamba. Jambo jipya hapa ni kwamba anayeelewa ishara ni mashine.

Vifaa hivi vilisambaa kwanza kupitia michezo ya watoto. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Wii, ambao mchezaji alishika kirungu chenye kihisi ndani yake. Ukikipunga kirungu kama unapiga mpira, na mtu aliye kwenye kioo anapiga mpira. Mwaka 2010 Microsoft ya Marekani ilitoa Kinect, ambayo haikuhitaji kushikwa kabisa. Ilimulika chumba kwa vitone vingi vya mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraredi, kisha kamera yake ikapima jinsi vitone hivyo vilivyoangukia mwili wa mtu, ikajua mkono uko wapi na goti liko wapi. Takriban milioni 8 ziliuzwa katika siku 60 za mwanzo. Mwaka 2013 kikaja kifaa kidogo cha kuenea kiganjani kiitwacho Leap Motion, kilichouzwa karibu dola 80. Hicho kilikaa juu ya meza na kutazama vidole tu, kwa kamera mbili ndogo na taa tatu za infraredi.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Wataalamu waligundua kwamba kwa kazi nyingi kifaa cha pekee hakihitajiki tena. Kamera ya kawaida ya simu au ya kompyuta inatosha, mradi programu iliyomo ndani imefundishwa kuutambua mwili wa mtu. Mwaka 2019 Google ilitoa bure kwa watengenezaji wa programu njia ya kutambua pointi 21 za kiganja na vidole kwa kamera ya kawaida ya simu. Hata kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Boston College huko Marekani, walimu James Gips na Margrit Betke walikuwa wameunda programu iitwayo Camera Mouse. Kamera huchagua sehemu moja ya uso, kwa mfano ncha ya pua, na mshale wa kompyuta hufuata pua inakoelekea. Ukiutuliza mshale mahali pamoja kwa muda kidogo, ni sawa na kubonyeza. Programu hiyo ililenga watu wasioweza kutumia mikono, na tangu mwaka 2007 imetolewa bure.

Tunayataja haya ili mwone kwamba kuna njia ya bei ghali na kuna njia ya bei nafuu. Sisi tulianza na ile ya ghali.

Makosa yetu

Kifaa tulicholetewa kilikuwa cha aina ile ya kumulika chumba kizima. Kilikuwa kimeshatumika na aliyekitoa alikitoa kwa moyo mwema. Hatumlaumu, wala hatukilaumu kifaa. Tulikiomba wenyewe. Tulikuwa tumeona picha za watoto wa ng'ambo wakifanya mazoezi ya viungo mbele ya kioo huku wakicheka, tukasema na wetu wacheke. Hatukumwuliza kijana hata mmoja wala mzazi hata mmoja.

Tulipokifunga ndipo tulipoyaona mambo matatu.

Kwanza, kilitaka nafasi. Mtumiaji alipaswa kukaa karibu mita mbili kutoka kwenye kifaa, na pasiwe na mtu anayepita nyuma yake. Chumba chetu ndicho hichohicho cha mazoezi, cha kulia chakula na cha mikutano ya akina mama. Kila aliyepita na sufuria ya uji, mashine ilimhesabu kuwa ni mchezaji.

Pili, kilishindwa na jua letu. Mwanga wa jua una infraredi nyingi, na ukiingia kwa nguvu dirishani unavimeza vile vitone vya kifaa. Chumba chetu kina madirisha makubwa yanayotazama ziwani, na sisi tuliyajivunia. Ikabidi tufunge mapazia mchana. Joto likawa kali, na watoto wakaanza kulia.

Tatu, na hili ndilo zito, kifaa kilimtarajia mtu aliyesimama, mwenye mikono miwili inayotii. Watoto wetu wengi wana mtindio wa ubongo. Wengine hukaa kwenye kiti cha magurudumu, wengine mikono yao hujikunja au hurukaruka bila wao kutaka. Mashine haikuweza kutofautisha mkono na kiti. Mtoto aliyejitahidi kuinua mkono kwa dakika nzima hakuona chochote kwenye kioo, na mwenzake aliyeshtuka tu ndiye aliyepewa pointi. Mmoja wa wahudumu wetu alisema siku hiyo, "Tumewaletea kitu cha kuwakumbusha wasichoweza." Siku iliyofuata tukakifunika turubai.

Kwa hiyo, ndugu mjumbe uliyeuliza, jibu ndilo hilo. Tulianza na kifaa, tukamtafuta mtu wa kukitumia baadaye.

Binti wa ng'ambo ya Busisi

Sasa tunaomba tuwaeleze jambo lililokwenda vizuri zaidi, ili msidhani kwamba tumekata tamaa na teknolojia yote.

Katika kigango kimoja upande wa Sengerema, karibu kabisa na maji, yuko binti wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo. Hatutalitaja jina lake wala la kijiji chake. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu na hakulia alipozaliwa. Anasikia kila kitu na anaelewa Kisukuma na Kiswahili. Ndugu zake walimfundisha kusoma kwa kumwonyesha herufi kwenye daftari zao, lakini mikono yake haimtii na maneno yake mtu mgeni hayaelewi. Mama yake huanika dagaa. Tulipomtembelea, mama huyo alitwambia neno ambalo hatujalisahau: "Mimi ndiye mdomo wake. Nikifa atasema na nani?"

Siku hizi kwenda huko ni rahisi, maana tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, badala ya kusubiri kivuko. Kwa sababu hiyo tuliweza kwenda mara nyingi. Safari hii hatukubeba sanduku. Tulikaa naye tukauliza ni kiungo gani cha mwili wake kinachomtii. Jibu lilikuwa nyusi. Akitaka kusema ndiyo, huziinua. Jambo hilo mama yake na ndugu zake wote walilijua. Ni sisi tu tuliokuwa wageni.

Tangu mwaka 2021 simu za Android zina uwezo ambao wengi wetu tunatembea nao mfukoni bila kujua. Upo ndani ya mipangilio, sehemu ya ufikivu. Kamera ya mbele ya simu hutambua ishara sita za uso: kutabasamu, kufungua mdomo, kuinua nyusi, kutazama kushoto, kulia au juu. Alama ya mwanga hupita kwenye kioo kutoka kitufe hadi kitufe, na inapofika panapotakiwa, mtu hutoa ishara yake na simu hupokea kana kwamba kitufe kimebonyezwa. Ni polepole, lakini hakuna kifaa cha kununua zaidi ya simu yenyewe.

Tulijaribu kwa simu ya kaka yake, anayeendesha bodaboda. Hapo tukakutana na matatizo mengine, na tunayasema ili asije mtu akadhani ni miujiza. Simu ilikuwa nyumbani usiku tu, kwa sababu mchana kaka huihitaji kwa wateja. Usiku hakuna mwanga wa kutosha, na kamera isipouona uso haioni nyusi. Taa ndogo ya sola ilisaidia, lakini ilivuta wadudu wa ziwani, na binti akawa anakunja uso kila wanapomgusa. Simu ikadhani anachagua herufi. Tena simu ilitakiwa isimame bila kutikisika, kwa kimo cha macho yake. Kamati ya kigango ndiyo iliyolimaliza jambo hili. Walichanga wakanunua simu iliyotumika, na fundi seremala wa hapo akatengeneza kishikizo cha mbao kinachofungwa kwenye kiti. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko nauli tuliyolipa kulisafirisha lile sanduku letu.

Baada ya majuma kadhaa ya kujifunza, binti aliandika sentensi yake ya kwanza, nasi tulikuwapo. Ilimchukua zaidi ya robo saa. Tulikuwa tumetega sikio tukitarajia labda neno la shukrani, ambalo tungeliweka kwenye taarifa kwa wafadhili. Simu ikasoma kwa sauti: "Mayu kiti kinauma." Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Mama yake alikaa kimya kwa muda. Kisha akatueleza kwamba kwa muda mrefu binti alikuwa akilia nyakati za jioni, nao walidhani ni huzuni, wakawa wanamwimbia. Tulipokikagua kiti, ambacho kilitoka kwetu, tukakuta ubao wa upande mmoja umepasuka chini ya kitambaa na unamchoma pajani. Kwenye kumbukumbu zetu kiti kile kilikuwa kimeandikwa kama msaada uliofanikiwa.

Ndugu wajumbe, hicho ndicho tunachotaka mkichukue mwende nacho. Faida ya mashine kuelewa ishara haikuwa mchezo wala picha nzuri. Mtu aliweza kutulalamikia, nasi tukalazimika kurekebisha.

Na viziwi wetu?

Baada ya hapo baadhi yenu mlituuliza: ikiwa mashine inaelewa nyusi, je, haiwezi kuelewa lugha ya alama, ili viziwi wa parokia zetu wazungumze nasi? Swali hili ni zuri, na majirani zetu wamekwisha kulifanyia kazi.

Ukitoka Mwanza kupitia Bunda na Tarime ukavuka mpaka Sirari, hufiki mbali unaingia Migori nchini Kenya, pande hizihizi za ziwa letu. Katika shule moja ya watoto wenye mahitaji maalumu katika kaunti hiyo zilijaribiwa glavu ziitwazo Sign-IO, alizozibuni kijana Mkenya, Roy Allela. Alikuwa na mpwa wake aliyezaliwa kiziwi, na ndugu wa nyumbani hawakuijua lugha ya alama. Katika kila kidole cha glavu kuna kihisi kinachopima kidole kimejikunja kiasi gani. Vipimo hupelekwa kwenye simu kwa njia ya bluetooth, na simu hutamka kwa sauti. Mtumiaji anaweza kuchagua kama sauti iwe ya kike au ya kiume. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata tuzo ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, na mwaka 2019 iliingia katika orodha ya wanaowania Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Tunampongeza kwa dhati, kwa kuwa alianza na mtu anayemjua, tena wa nyumbani kwake.

Hata hivyo, kabla ya kuomba glavu, safari hii tulifanya tulilopaswa kufanya mara ya kwanza. Tuliwaita vijana viziwi wa hapa Mwanza, tukamleta mkalimani, tukawauliza. Majibu yao yalitufikirisha.

La kwanza, walisema lugha ya alama haikai vidoleni tu. Inakaa usoni, mabegani, na mahali mkono unapoanzia na kuishia. Alama moja ukiitoa kwa uso wa kuuliza ni swali. Kwa uso mkavu ni taarifa. Glavu haioni uso. Hoja hiyohiyo ilitolewa na viziwi na wataalamu wa lugha huko Marekani mwaka 2016, pale wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipopewa tuzo ya dola 10,000 kwa glavu za namna hiyo.

La pili, walitukumbusha kwamba lugha ya alama si moja dunia nzima. Kenya wana Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo imetajwa katika Katiba yao ya mwaka 2010. Sisi tunayo Lugha ya Alama ya Tanzania. Mashine iliyofundishwa upande mmoja wa Sirari inahitaji kufundishwa upya upande wa pili, na walimu wake lazima wawe viziwi wenyewe.

La tatu lilitoka kwa dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma. Mkalimani alilitafsiri hivi: "Glavu tutavaa sisi. Ninyi mtavaa nini?" Akaeleza kwamba alipokwenda kujifungua hakukuwa na mtu wa kumweleza kinachoendelea. Waliomhudumia walimwandikia karatasi, lakini yeye hajasoma sana. Hata kama angevaa glavu na kusema, nani angemjibu kwa namna atakayoielewa? Alichokihitaji usiku ule ni muuguzi mmoja tu anayejua kuonyesha kwa alama: sukuma, subiri, mtoto mzima.

Tuliondoka pale tumeinamisha vichwa. Tunafahamu kwamba watafiti nao wameanza kuligeuza jambo hili upande wa pili. Mwaka 2025 Mkenya Elly Savatia alishinda ile Tuzo ya Afrika tuliyoitaja kwa programu iitwayo Terp 360. Hiyo hupokea maneno ya msemaji na kuyageuza kuwa alama zinazotendwa na umbo la mtu kwenye kioo cha simu au kompyuta. Hapa mzigo haumwangukii kiziwi peke yake. Tunafuatilia kwa matumaini siku Lugha ya Alama ya Tanzania itakapohudumiwa vivyo hivyo. Lakini yule dada hawezi kuisubiri siku hiyo, na muuguzi au katekista anaweza kujifunza alama hamsini za mwanzo kabla ya Pasaka.

Kanisa katika nchi hii si mgeni katika kazi hii. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na kompyuta mezani. Ilianza na walimu.

Mapendekezo kwa kamati za parokia

Baada ya maelezo hayo, tunaomba kila kamati irudi na mambo haya matano.

1. Tuwatambue watu wetu. Kupitia jumuiya ndogondogo, tujue ni nyumba zipi zina mtu asiyeweza kutumia mikono, asiyesikia au asiyeweza kusema. Wengine wanafichwa vyumba vya ndani. Aendaye asiende na daftari tu, aende pia na muda wa kukaa.

2. Tumwulize mhusika mwenyewe, kisha waliomlea. Swali la kwanza liwe: ni kiungo gani kinachokutii? Swali la pili: ungependa kufanya nini? Asiyeweza kusema aulizwe kwa ndiyo na hapana, kwa ishara anayoitumia nyumbani. Kila nyumba ina ishara yake.

3. Tujaribu kwanza kilichopo. Simu ya Android na programu za bure zijaribiwe kwa mwezi mzima kabla ya kuomba kifaa chochote cha kununua. Tumewafundisha vijana katika ofisi yetu namna ya kuziweka, waiteni.

4. Kila parokia ianzishe darasa la lugha ya alama, mwalimu awe kiziwi, na alipwe. Tusimwombe afundishe kwa kujitolea wakati mpiga kinanda tunamlipa. Wawemo wahudumu wa zahanati, makatekista, na ndugu wa nyumbani.

5. Tulinde heshima ya mtu. Kamera inayomwangalia mtu ili imsaidie ni kamera ileile inayoweza kumpiga picha. Pasitumwe picha wala video ya mtu yeyote, hata kwetu ofisini, hata kwa ajili ya jarida hili, bila yeye kukubali kwa namna inayoeleweka. Mtakumbuka kwamba hatujawaonyesha leo picha ya yule binti. Tulimwomba, naye hakuinua nyusi.

Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, tumewaweka mwisho kwa sababu kwenu tuna ombi gumu zaidi.

Tunaelewa kwamba kifaa ni rahisi kukitolea fedha. Kinahesabika, kina risiti, kinabandikwa kibandiko. Mshahara wa mkalimani haubandikiwi kitu, na mafuta ya pikipiki ya kumrudia binti mmoja mara tisa yanaonekana kama ubadhirifu. Lakini tumejifunza kwamba kifaa kisichokuwa na mtu wa kukirudia hufa mapema. Betri huchoka, nywila husahaulika, mtoto hukua na kishikizo hakimtoshi tena. Zaidi ya hayo, viwanda huacha kutengeneza. Hata Kinect tuliyoitaja, iliyouzwa kwa mamilioni, utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2017. Kilichojengwa juu ya kifaa kimoja huanguka nacho.

Kwa hiyo tunamwomba mfadhili aliyeahidi vifaa vipya akubali fungu lile ligawanywe upya. Sehemu kubwa iende kwa walimu wa lugha ya alama, kwa wakalimani, na kwa wahudumu wa kutembelea nyumba. Sehemu ndogo inunue simu zilizo imara, taa za sola na kazi ya maseremala wetu. Tunajua kwamba kwa kusema hivi huenda tukalikosa fungu lote. Tumelijadili jambo hilo ofisini kwa muda mrefu na halikuwa rahisi. Tuliona ni heri tulikose kwa kusema kweli kuliko kuja hapa mwaka ujao tukiwa na masanduku mengine matano chini ya turubai.

Tunaomba pia ruhusa ya kuandika katika taarifa zetu yale yaliyoshindikana. Kiti kile kilichopasuka kilikuwa kwenye orodha ya mafanikio kwa sababu fomu ilikuwa na safu ya mafanikio tu.

Hitimisho

Ndugu zetu, hatusemi kwamba vifaa hivi havifai. Mashine inayoelewa ukope, pua au nyusi za mtu ni jambo kubwa, na sisi tumeona kwa macho yetu linavyoweza kufungua mdomo uliofungwa kwa miaka 19. Tunasema tu kwamba mama yule aliielewa ishara ya mwanawe kabla ya simu yoyote. Kazi yetu sisi wa kamati, wa ofisi na wa mifuko ya fedha ni kuhakikisha kwamba si yeye peke yake anayeielewa.

Kiti kimekwisha kutengenezwa. Tulipokirudisha, binti alikikalia, akaegemea kishikizo chake, na baada ya muda simu ikasema kwamba sasa ni sawa, ila kitambaa hakipendi rangi yake. Tumepeleka kingine.

Karibuni kwa maswali. Wale waliokuja na simu za Android wabaki kidogo; tutawaonyesha mahali pa kuwasha ishara za uso kabla hamjapanda magari.